Ufunguo wa Bomba

Kitendawili! Mtoto wangu mdogo kama kidole, akilala yeye, mji mzima unashikwa na kiu. Umeshindwa? Haya, nipe mji. Ni ufunguo wa bomba.

Tangu mvua ianze kuukwepa mji ule, Shekue ndiye aliyeuvaa ufunguo huo shingoni. Kila siku alikunywa kwanza kahawa yake, akaja kufungua jua likiwa utosini, wanawake wamekaa juu ya ndoo wakimngoja. Leo watu wote walikutana pale bombani, wakachagua mtunza maji mpya: Mwanahawa, mkewe mwenyewe.

Vigelegele vikapigwa. Shekue akaona wivu. Yeye aliwahi kupigiwa vigelegele lini?

"Sasa nitaitwa mume wa Mwanahawa," akanung'unika.

"Na uoge kila siku, usimwaibishe mkubwa!" jirani akamtania. Watu wakacheka.

Mwanahawa akanyoosha mkono. "Baba Rukia, naomba ufunguo. Nitafungua alfajiri, tuwahi kumwagilia miche kabla jua halijaiunguza."

"Kwani mimi nimekosa nini?"

"Hukukosa, mume wangu. Nikuulize tu, mara ya mwisho ulibeba ndoo kichwani lini?"

Shekue aliutazama ule mkono, mkavu, umeota sugu za mshikio wa ndoo. Akaivua kamba shingoni taratibu, lakini ufunguo akaufumbata. Mkewe hakuushusha mkono.

"Sijawahi kubeba ndoo," akasema Shekue, ngumi yake ikiwa juu ya kiganja cha mkewe.