Dole Gumba la Bi Zuwena

"Mama, mwanao alizembea. Weka dole gumba hapa, tumalize," alisema kapteni wa meli ya matanga ya kufunzia wanamaji, akimsogezea karatasi ya kukiri hivyo na wino. Sare yake nyeupe ilikuwa imepigwa pasi. Mabalozi walikuwa njiani kuja kuitembelea meli.

Bi Zuwena, aliyesokota kamba maisha yake yote, hakugusa wino.

"Nileteeni kwanza kamba iliyomwangusha mwanangu Mbaraka kutoka mlingotini."

Ilipoletwa, aliisokotoa kwa kucha. Juu ilikuwa ngumu, safi kabisa. Ndani ilikuwa imeoza ikabaki unga mweusi.

Alilamba dole gumba, akalichovya katika unga ule, akaligandamiza kifuani pa kapteni.

"Haya, nimeweka. Kawapokee wageni wako."

Bendi ilianza kupiga. Balozi wa kwanza alikuwa ameshakanyaga ngazi.