Meno kwa Karibu

"Panua zaidi, mama watoto. Hapa nimepata fizi tu."

Mkewe alipanua. Lenzi ilikuwa shubiri moja kutoka kwenye meno yake ya mbele, na nyuma ya lenzi alikuwepo Mzee Vipimo, mpima ardhi mstaafu, amepinda mgongo kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo.

"Wenzako wakistaafu hufuga kuku," mkewe alisema, mdomo wazi.

"Kuku hawaibi chokoleti."

Kisa chenyewe ndicho hicho. Daktari alimruhusu kipande kimoja cha chokoleti nyeusi kwa siku, naye alikiyeyusha ulimini polepole, macho amefumba. Lakini kwa wiki tatu sasa, kila alipoamka usingizi wa mchana, alilikuta bamba limeng'atwa. Halikuvunjwa. Liling'atwa, alama za meno zimejipanga kama viwanja vilivyopimwa na mtu anayejua kazi.

Siku moja mezani alimtupia jicho mkazamwana wake, akasema nyumba hii haikuwa na panya kabla ya harusi.

Mkazamwana aliweka kijiko chini. "Baba, una mpaka Jumapili. Ukileta ushahidi kwamba ni mimi, nafungasha virago mwenyewe. Usipoleta, utaniomba radhi mbele ya ukoo mzima, tena ukiwa umesimama."

Mumewe aliangalia dari kwa makini sana. Mzee Vipimo hakuwahi kumwomba mtu radhi, hata ule mwaka alipopitisha mpaka wa shule katikati ya choo cha walimu.

Ndipo alipokwenda dukani. Muuza kamera, binti mwenye miwani juu ya kichwa, alimuuliza anataka kupiga nini kwa karibu. Maua? Wadudu?

"Meno."

"Ya mnyama gani?"

"Bado sijajua."

Binti alimpangia vitu mezani. "Hii lenzi fupi ni nafuu, ila itabidi usogee mpaka kivuli chako kimwangukie huyo mnyama, naye atatoka mbio. Hii ndefu, milimita mia moja, inakupa nafasi ya kupumua. Hizi pete za kurefusha lenzi ni za mwenye mfuko mwepesi na subira nyingi."

"Subira sina. Nipe ndefu, iliyotumika."

"Na stendi ya miguu mitatu, mzee wangu, ndiyo ya..."

"Kwenye stendi nyamaza, binti. Nimeishi na stendi miaka thelathini na tano, na haijawahi kunijibu jeuri."

"Haya. Lakini jua, ukisogea hivyo, kinachoonekana vizuri ni unene wa kucha tu. Kilichobaki chote ni ukungu."

Alianza na alama kwenye chokoleti, akazipiga mpaka akazijua kuliko tarehe ya ndoa yake. Kisha kwa siku nne akapiga meno ya nyumba nzima, eti anajifunza. Nusu ya picha zilitoka na pua. Mkazamwana hakusubiri hata kuombwa.

"Hesabu yote, baba, na gego la mwisho usilisahau."

Hakuna kinywa kilicholingana na alama zile. Aliyebaki ni mama mkwe wake, mama wa mkewe. Huyo hakumgusa, kwanza kwa heshima, pili kwa sababu bibi yule alikuwa na fizi tupu miaka na miaka. Aliishi kwa uji na mkate uliolowekwa kwenye chai. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti cha dirishani akiifuatilia kesi kama mpira.

"Mwizi ana raha," alisema. "Ana cha kung'atia."

Jumapili ikafika, ukoo ukajaa. Mzee Vipimo hakuwa na ushahidi, ila alikuwa na mtego. Alilikaza bamba la chokoleti kwa skrubu kwenye rafu ya vitabu, mkabala na dirisha, ili anayelitaka alifuate kwa mdomo. Kamera akaificha kati ya kamusi na atlasi, akaitegesha ijipige yenyewe kila baada ya sekunde tano. Baada ya chakula akaenda kulala kama kawaida yake, mwizi asije akashtuka. Mkoromo wake ulisikika mpaka barazani, watu wote ni mashahidi.

Alipoamka hakusema na mtu mpaka alipotoka bafuni. Na hiyo pia ni kawaida yake. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu. Limeng'atwa! Akachomoa kadi, akaichomeka kwenye televisheni, akawaita wote sebuleni.

"Sijaiangalia," alitangaza. "Asije mtu akasema nimeichezea. Mkwe wangu, virago viko tayari?"

"Viko wapi viatu vyako, baba? Maana leo utasimama."

Picha ikafunguka.

Meno yalijaa kioo chote, kila moja kubwa kama mlango, safi mpaka mikwaruzo ikahesabika. Uso nyuma yake ulikuwa ukungu mtupu. Jino la pili kushoto lilikuwa limevunjika ncha.

Ulimi wa Mzee Vipimo ulikwenda wenyewe kulitafuta jino lile, ukalikuta mahali pake, na ncha yake imevunjika vilevile, kama ilivyovunjika mwaka jana alipoyadondosha meno yake ya bandia kwenye sinki, akiyatoa kwenye glasi ya bafuni anamoyalaza kila anapolala. Kisha ulimi ukaonja kitu kingine. Chokoleti. Na yeye hakuwa ameionja tangu jana.

Mkazamwana alivuta kiti chake nyuma taratibu, ampishe mzee mahali pa kusimama.

Kutoka dirishani mama mkwe alisafisha koo.

"Yananibana kidogo huku kulia, mwanangu," alisema. "Lakini si haba."