Ngo na Pu

Seremala mstaafu aliizunguka boti kuukuu ya injini, iliyopandishwa nchi kavu, akiigonga ubavuni kwa nyundo ndogo. Ubao mzima hulia ngo, uliooza husema pu. Kwa masikio hayo alikuwa amelea wanawe.

Angeinunua kwa kiinua mgongo chake na kuikarabati kwa mikono yake, ingemlipa. Angemwajiri fundi mwingine, ingemmeza mzima mzima.

“Ngumu kama jiwe,” alimwambia binti yake.

“Baba, hapo imesema pu.”

“Wapi?”

“Hapohapo ulipogonga.”

Alibonyeza kwa kidole gumba, rangi ikadidimia, na unga wa ubao uliooza ukamnasa ukuchani. Aligonga tena palepale, sikio likikaribia kugusa ubao. Kwake ililia ngo, kama kwingine kote.

Binti alitazama chini.

“Vipi, mzee, tufanye biashara?” mwenye boti aliuliza. “Kwa bei hii ni kama nakugawia bure.”

Mzee alijifuta kidole kwenye suruali, taratibu.

“Bei yako kali mno, bwana.”

“Kali kabisa,” binti alidakia, akimshika baba yake mkono.