Mstari wa Chaki Kwenye Jagi

Jagi lilikuwa tupu tena. Fundi cherehani alilijaza mwenyewe asubuhi, akapiga mstari kwa chaki yake ya kuchorea vitambaa. Sasa hata saa nne haijagonga, mstari umebaki peke yake, maji hayapo.

"Chiriku! Nani kamaliza maji?"

"Si mimi," akajibu bintiye wa miaka saba, aliyepewa jina hilo kwa kutofunga mdomo.

"Usinidanganye, mwanangu."

"Haki ya Mungu, mama, si mimi!"

Mama hakumwamini. Wiki tatu nyuma, muuguzi wa kliniki alimkalisha akamweleza. Mtoto ni mzima, anaruka kamba, anakula vizuri, lakini damu yake ina kingamwili za aina mbili, zile zinazoligeukia kongosho la mtu mwenyewe na kulishambulia. "Si mgonjwa," muuguzi alisema. "Ila kisukari cha aina hii hufuata damu, na kaka yake anacho. Mwangalieni. Akianza kunywa maji kupita kiasi, kwenda chooni kila mara, kukonda, mpimeni. Sukari ikizidi kumi na moja, kliniki siku hiyohiyo."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Na huyu alishaumwa: yule kaka alianguka darasani akiwa na miaka tisa, nyumba nzima ikidhani ni malaria. "Safari hii ugonjwa hautanikuta nimelala," mama aliapa.

Basi likizo nzima Chiriku hakupumua. Kila asubuhi alizungushiwa utepe kiunoni, na kipimo kikaandikwa katika daftari la wateja, kati ya suruali ya mwalimu na gauni la bibi harusi: inchi ishirini na moja. Kesho yake, ishirini na moja. Akienda chooni, mama yuko nyuma, ametega sikio mlangoni.

"Utampima mpaka kivuli chake," mumewe alimtania.

"Cheka tu. Uchungu wake ulinishika mimi, si wewe."

Kazi nayo ikamshinda. Alishona mkono wa kulia upande wa kushoto, akafumua, akaurudisha palepale. Kiti kilimchoma: mara dirishani kumchungulia mtoto, mara msalani, mara jikoni kulikagua jagi, na kwa kuwa ameshafika, na koo limemkauka kwa hofu, akapiga mafunda mawili matatu. Tundu la sindano likawa linacheza machoni; akamwita Chiriku amtungie uzi. "Uzee huo unabisha hodi," akanung'unika. Sketi yake akaibana pini, ya pili wiki hiyo. Vitambaa vya siku hizi, jamani, vinalegea ovyo.

Aliogopa. Aliogopa hata chakula hakikuwa na ladha. Na ile mashine ya kaka mtu ya kupimia sukari ilizidi kumchanganya: jana imemsomea Chiriku tano, juzi tano na nusu.

"Mashine yako imeharibika," alimwambia kijana.

"Mama, hiyo ndiyo inayonilinda mimi."

"Jagi halidanganyi. Ilete hapa."

Chiriku akaficha mikono mgongoni. Vidole vyake vilikuwa na alama ndogondogo kila ncha. "Mnanidunga kila siku na maji sijanywa!" akalia. "Leo anza wewe!"

Kaka mtu akacheka. "Ana haki yake. Mwonyeshe kwamba haiumi."

"Haya, haya, fanya upesi tuje kwake." Mama akanyoosha kidole, macho yote kwa binti.

Kijana akadunga, akagusisha tone la damu, akasubiri. Kicheko kikamfutika usoni. Akamwambia mama akanawe mikono vizuri, akambadilishia kidole, akadunga tena.

"Si nilikwambia imeharibika?"

Kijana aliiweka mashine juu ya kitambaa cha bibi harusi, namba ikiwatazama wote: ishirini na sita.

"Chiriku," akasema polepole, "mletee mama viatu."