Mstari wa Kumi

Sista Kanyiva aliisukuma fomu ya semina hadi upande wa pili wa meza, mbele ya Hibaq, kama mtu anayeondoa sahani ya chakula kilichomshinda.

"Aende huyu," alisema.

Bwana Musembi wa afya ya kaunti akavua miwani. Tangu lini nesi mkubwa akakataa semina? Wiki nzima Mukuyuni, chumba cha hoteli, marupurupu, nyama kila siku. Kuna manesi walioacha kusalimiana kwa sababu ya mambo madogo kuliko hayo.

"Kanyiva, nafasi ni moja. Wafadhili wanalipia mtu mmoja kila zahanati, na wewe ndiye uliyeanza hii kazi ya vijiti hapa Matinyani."

"Ndiyo maana nasema aende huyu."

Hibaq hakuigusa ile fomu. Alikuwa ameshaisoma. Chini kabisa iliandikwa kwamba atakayefunzwa hatahamishwa kwa miaka miwili. Na ndani ya mkoba wake mlikuwa na barua ya uhamisho aliyoingojea miezi kumi na minne, ya kumrudisha Mwingi kwa mama yake, Kaltun. Huko binti yake wa miaka mitatu alikuwa ameshaanza kumwita nyanya "mama", huku Hibaq akiitwa kwa jina tu, kama jirani.

Musembi alipotoka kutafuta chai, Hibaq alifunga mlango.

"Unanifunga hapa ili wewe upate njia ya kutoka. Si useme tu?"

Kanyiva alivuta mikono ya sweta yake. Ile sweta ya kijani alikuwa nayo Julai na alikuwa nayo Oktoba, hata siku ambazo mabati yalilia kwa joto.

"Kuja uone," alisema, akafungua rejista.

Habari ya vijiti Hibaq aliijua, manesi wote wa Kitui waliijua. Miaka miwili nyuma wafadhili waliahidi mafunzo ya wiki mbili: ya kwanza kuweka vijiti vya kupanga uzazi chini ya ngozi ya mkono, ya pili kuvitoa. Manesi walijaribu kwanza kwa mkono wa plastiki, kisha kila mmoja akatakiwa awawekee wanawake watano wa kweli ndipo apate cheti. Wanawake hawakutosha. Mhubiri alikuwa ameweka spika zake sokoni, na nani angepita mbele yake akielekea kliniki ya kupanga uzazi? Lakini kufikia jioni ya mwisho kila nesi alikuwa ametimiza watano wake, na mwalimu hakuuliza wale waliopungua walipatikana wapi. Wiki ya pili haikuja. Pesa zilikatika. Wakarudi makwao wakijua kuweka, na hakuna aliyejua kutoa.

Mistari ilikuwa kumi, ya wanawake waliotaka kutolewa vijiti. Wa kwanza Wayua, ambaye damu ilimtoka wiki tatu kila mwezi. Wa pili Mbula, aliyetaka mtoto. Wakafuata wengine, umri, kijiji, tarehe. Mstari wa kumi haukuwa na jina.

"Huyu ni nani?"

"Ni mtu. Aliwekewa kabla ya kuolewa. Sasa ameolewa kwa watu wa kanisa na bwana yake hajui. Kila Jumapili wanamzunguka, wanamwekea mikono kichwani, wanamwombea apate mimba. Mama mkwe amesema Krismasi ikipita, mwanamke mwingine analetwa."

"Aende Kitui, hospitali kubwa."

"Wifi yake ndiye anayeandika majina pale dirishani."

"Basi amwambie bwana yake."

"Amwambie nini, Hibaq? Msichana wa kwaya, hajaolewa, alikuwa anazuia mimba ya nani?"

"Haya, nenda wewe ujifunze, umtolee!"

Kanyiva alifunga rejista polepole.

"Mimi siwezi kumtolea."

"Kwa nini?"

"Siwezi tu."

Hibaq alifikiri ni mambo ya ukoo, labda huyo mtu ni jamaa yake na wamekosana. Wakamba na jamaa zao, nani atawaweza? Alitoka nje, akasimama penye tangi la maji, akapiga simu Mwingi.

"Ni nani?" mtoto aliuliza.

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

Chai ilipofika, Bwana Musembi alimkuta ameinama juu ya fomu. Aliisaini kwa nguvu hata kalamu ikatoboa karatasi. Ile barua ya Mwingi aliikunja mara nne, akaisukuma chini kabisa ya mkoba. Mwanamke mmoja alikuwa amezibiwa kila mlango, na mlango uliobaki ulikuwa yeye. Hakumshukuru Kanyiva. Hata kumuaga hakumuaga.

Wiki ya Mukuyuni ikapita. Alirudi Jumatatu na cheti ndani ya bahasha, akakuta benchi limejaa, Wayua akiwa mbele kabisa na leso begani. Habari zilikuwa zimetangulia.

Ndani, Kanyiva alikuwa ameshachemsha vyombo na kutandika shuka safi. Alikuwa amekonda.

"Unaumwa?" Hibaq aliuliza, bila kutaka sana kujua.

"Ni kufunga na kuomba tu."

Hibaq alivaa glavu. Akapanga wembe, koleo ndogo, sindano ya ganzi.

"Nimwite Wayua?"

"Wayua atangoja kidogo. Anza na wa kumi."

"Kwani amefika? Simwoni mgeni pale nje."

Kanyiva alishusha pazia, akatia komeo mlangoni. Kisha akavua sweta, akalala kitandani, akaugeuza mkono wake wa kushoto.