Baiskeli Iliyovunja Watu Tisa

Sajini Lodu alibonyeza kucha ya dole gumba la mguu wa Kenyi mpaka ikawa nyeupe, kisha akaiachia. Wekundu ukarudi mara moja.

"Damu inapita vizuri sana," alisema. "Kwa mguu wa kuvunjika, huu iko na afya."

Poni alicheka kwa meno tu. Alisimama katikati ya chumba chake, hapo mtaa wa Juba Na Bari. Kenyi, mwanawe, alikuwa kitandani, mguu wa kushoto umefungwa kwa vibao viwili na vipande vya shuka.

"Ni kwa sababu nimefunga vizuri, jenabu. Ukikaza sana, vidole vinakuwa baridi, mtu anapoteza mguu. Tulifundishwa hivyo kule Uganda, kambi ya wakimbizi."

"Mimi si afisa wa kuitwa jenabu, mama. Mimi sajini tu."

Ilikuwa 2016. Mapigano ya Julai yalipowakimbiza wageni wa mashirika, mmoja wao alimwachia Emilio, mlinzi wake, baiskeli ya mlimani yenye matairi manene. Emilio hakungoja. Aliipandisha mlima wa Jebel Kujur akateremka nayo mbio, mawe yakamrusha, na mfupa wa mkono ukachomoza nje. Poni alikifunika kidonda kwa kitambaa safi bila kuusukuma mfupa ndani, akaufunga mkono vilevile alivyoukuta, ndipo wakampeleka hospitali. Wiki hiyohiyo jeshi likaja kukusanya vijana. Emilio, kwa ajili ya ule mkono, wakamruka.

Tangu siku hiyo baiskeli ikapata kazi. Kwa mwezi mmoja ilikuwa imeangusha watu tisa, na wanane kati yao hawakuwahi hata kuipanda. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Poni yeye alikuwa anaficha uzima, wala hakujua ni nini kingekuja kumuumbua. Wa tisa alikuwa Kenyi. Kaka yake, Loku, alichukuliwa mwaka wa kwanza wa vita, na tangu hapo hata salamu hazijafika. Poni alibakiwa na huyu mmoja.

"Na hiyo baiskeli iko wapi?" aliuliza Lodu.

Poni akaonyesha kwa kidevu. Ilikuwa imeegemea ukuta. Sajini aliipapasa usukani, akazungusha pedali, akainama kutazama magurudumu.

"Hii inavunja watu kuliko adui," alisema. "Lakini yenyewe haina hata mkwaruzo."

"Chuma cha wazungu, jenabu. Kigumu."

Lodu hakucheka. Poni alimtazama kwa jicho la pembeni. Siku zote askari huja kundi zima, wakipiga kelele na kupekua mpaka masufuria. Huyu kaja peke yake, kabisha hodi kwa adabu, kauliza hali. Adabu hiyo ndiyo iliyomtia Poni wasiwasi.

Askari alirudi kitandani, akagusa kitambaa cha juu.

"Goti mbona iko huru?"

Goti aliliacha makusudi, ili Kenyi aweze kwenda chooni bila taabu.

"Mfupa wa muundi ukivunjika," aliendelea Lodu, "unafunga goti na kifundo cha mguu. Juu na chini. Hata mimi nimeona huko vitani. Kesho asubuhi daktari wa jeshi anapita nyumba kwa nyumba. Hii ataijua akiwa bado mlangoni."

"Nilisahau."

"Wewe? Wanasema wewe husahau kitu."

Wanasema. Basi kuna mtu ameshatoboa siri. Poni aliwapitia mmoja mmoja kichwani, wale saba aliowafunga bure kabla ya Kenyi, na mama zao, na hakupata wa kumsafisha.

Maswali yakafuata. Mtu akianguka mlimani, mguu unauma wapi kwanza? Uvimbe unatoka baada ya muda gani? Akibonyezwa hapa, analia namna gani? Poni alijibu, na kila jibu Lodu alilirudia polepole kwa midomo, kama mtoto anayekariri katekisimu. Anayabeba kwa wakubwa wake, Poni aliwaza. Siku za mwizi ni arobaini, na zangu zimetimia.

"Na vibao vinakaa siku ngapi?"

"Wiki sita. Wakati mwingine zaidi."

Lodu akahesabu kwa vidole. "Wiki sita," alisema. "Mpaka hapo malori yote ya kwenda vitani yatakuwa yamekwenda."

Poni hakuweza tena. Alikaa sakafuni karibu na kitanda cha mwanawe.

"Nilizaa wawili, jenabu. Mmoja mmemchukua, sijui hata kama kazikwa. Huyu hana kosa. Vibao nilifunga mimi. Kama ni kukamata, nikamate mimi."

Kenyi alifunika uso kwa mikono. Sajini alitazama buti zake.

"Lori la kesho linakwenda mbele kabisa," alisema. "La mwezi uliopita tulienda arobaini. Tulirudi sita."

Akageuka, akaenda mlangoni. Anaita wenzake, Poni alijua, na akaushika mkono wa Kenyi kwa nguvu zake zote.

Lodu alichungulia nje, kulia na kushoto. Akaufunga mlango, akatia komeo. Bunduki akaiegemeza ukutani kando ya baiskeli, akavuta kigoda, akakaa.

"Ya kijana rudia, mama. Funga mpaka juu ya goti," alisema, huku akikunja suruali yake. "Na hii pia."

Poni alisogea, akaupapasa muundi wake kutoka gotini mpaka kwenye kifundo. Ulikuwa umenyooka, hauna uvimbe wala jeraha.

"Umeanguka lini, mwanangu?"

"Kesho," alijibu Sajini Lodu. "Kabla lori halijatoka."