Kitambaa cha Bluu Juu ya Paa

Mshonaji alipanda mwenyewe juu ya paa, akafuta vumbi kwenye kioo cha mtambo wa kuchemsha maji kwa jua, akachungulia. Ndani hamna kitu. Ni bati tupu lililopakwa rangi nyeusi, na buibui kajijengea humo bila kulipa kodi.

"Umeona, Dada?" mdogo wake aliuliza kutoka chini, ameshika ngazi kwa mikono miwili. "Si nilikwambia ni mawingu tu yanayozuia maji yasipate moto? Wapangaji wa siku hizi wana maneno!"

Wapangaji hao walikuwa wakioga maji baridi tangu wahamie, na wengine walishafungasha. Naye mshonaji aliuza vyerehani vyake vyote ajenge vyumba hivi vya kupangisha, kwa sababu mdogo wake, fundi bomba, alimwapia: "Jua halitumi bili, Dada. Watapigania kuingia."

Akalitafuta bomba la kushusha maji ya moto bafuni. Liliishia hewani nyuma ya mtambo, kavu, mdomo umezibwa kwa kitambaa. Akakichomoa.

Kilikuwa cha bluu. Pindo lake lilishonwa mara mbili kwa uzi mweupe, na mshono ule aliujua, maana ni wake. Kilikuwa kipande cha shati alilomshonea mdogo wake siku alipomkabidhi kazi ya kufunga mtambo huu, avae mbele ya mafundi wenzake aonekane bosi.

Akakitia kifuani, akaweka mguu kwenye ngazi.

"Taratibu, Dada. Nimeshika."

"Achia ngazi."

"Utaanguka!"

"Nimekwambia achia."